Milango ya Usasani

Kitu cha kwanza nilichokiona Usasani kilikuwa doa. Lilikuwa kwenye mwimo wa kila mlango, usawa wa mdomo wa mtu mzima, mahali ambapo rangi ilikuwa imelika na mbao ikabaki inang'aa kama kisahani kilicholambwa. Mimi ni mtu wa kusimama mlangoni muda mrefu kabla sijabisha hodi. Napanga maneno, nayapangua, kisha namsikia mtu anakuja nyuma yangu, naona haya, naondoka. Kwa hiyo milango naijua kuliko watu walio nyuma yake. Nyumba ya Bi Somoe, niliyoelekezwa nikalale, ilikuwa na doa kama nyingine zote, ila la kwake lilikuwa na vumbi.

Jinsi nilivyofika nchi hiyo sitaeleza, maana njia ilikuwa njia tu. Nitaeleza niliyoyaona, na pale nilipoona wivu nitasema niliona wivu, kwa sababu Usasani wivu si aibu. Watoto hufundishwa. Mtoto akitoka kwa jirani asiseme ameona nini kizuri huko, mama yake humshika paji la uso kuangalia kama ana homa.

"Hodi," nilisema mwishowe, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Karibu, mwanangu," sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitika. "Ingia, usisimame juani. Umekula?"

Nikaingia. Mtu mzima sikumwona. Palikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, ungo unamtikisika mikononi kwa kicheko.

"Unamtafuta aliyekujibu?" akaniuliza. "Umekwisha kumpita. Ni mlango."

Huyo ndiye Bi Somoe, na ndivyo nilivyojua kuwa Usasani milango inaitika. Mlango ukitundikwa, mtu wa kwanza kuubisha hodi huuachia sauti yake, na tangu siku hiyo mlango husema kwa sauti hiyo. Huwajua wa nyumbani, huwapokea wageni, na huwakatalia wasiotakiwa. Mlango wa Bi Somoe ulibishwa na mama yake, siku nyumba ilipokwisha kuezekwa. Mama huyo sasa ni marehemu. Kwa hiyo kila Somoe alipotoka sokoni na kubisha hodi kwake mwenyewe, mama yake alimwambia, "Karibu, mwanangu. Mbona umechelewa?"

Siku hiyo hiyo nilimwona akitoka kumwaga maji ya mchele. Aliuacha mlango wazi kabisa. Aliporudi akaufunga kwa nje, akabisha hodi, akaambiwa amechelewa, akaingia ametabasamu.

Hapo wivu wangu ukaanza. Mama yangu mimi yu hai, na sijawahi kuulizwa kwa nini nimechelewa.

Sasa nieleze habari ya doa. Wezi wa Usasani hawavunji. Wanabisha hodi kwa adabu kuliko wageni wa kweli, kisha wanasema uongo ambao mlango haujawahi kuusikia, na mlango kwa ukarimu wake unafunguka. Uongo wa mwezi huu si wa mwezi ujao. Kwa hiyo Jumba la Milango, ambalo ndilo linalochonga milango yote ya nchi, huuchunguza kila uongo mpya, na kila mwezi huwatuma wanong'onezi mitaani. Mnong'onezi huja na joho la kijivu, huweka mdomo kwenye mwimo, hunong'ona neno moja au mawili, na kwenda zake. Mlango ukishanong'onezwa, mwizi wa mwezi huo haupati. Midomo hiyo ndiyo iliyokula rangi.

Kuna sheria nne juu ya jambo hili, na kila mtu anazijua kwa moyo. Ya kwanza, mlango ni wako lakini masikio yake ni ya Jumba. Ya pili, asiye mnong'onezi haruhusiwi kunong'oneza mlango wowote, hata wake. Ya tatu, mlango ulioachwa kunong'onezwa sharti utundikwe kitambaa cha manjano, wageni wapate kujihadhari. Ya nne, mlango wa namna hiyo ukibishwa hodi na mwizi hata mara moja, sharti ung'olewe, uwe ulifunguka au haukufunguka.

Kitambaa cha Bi Somoe kilikuwa kipya. Milango ya mvule, ya umri wa ule wa kwake, ilikuwa imetangazwa miezi michache nyuma kuwa haitanong'onezwa tena.

Kesho yake wenye milango ya mvule waliitwa kwenye ua wa Jumba kuuliza maswali. Jumba huwaruhusu watu kuuliza. Hilo ni jambo la kusifiwa. Aliyewekwa kujibu aliitwa Bwana Sururu, mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti kama ya mtu anayemlaza mtoto. Bi Somoe alinivuta mkono tukakaa mbele kabisa, jambo ambalo nisingelifanya peke yangu.

"Mlango wangu una ugonjwa gani?" Somoe akaanza, bila hata salamu.

"Hauna ugonjwa, mama."

"Bawaba zimelegea?"

"Hazijalegea. Nimepita kuuangalia mwenyewe. Mvule ule hata wajukuu zetu wataukuta."

"Umewahi kumfungulia mwizi?"

"Hata mmoja. Na tumeusifu kwenye tangazo, mama. Mwanzo wote wa tangazo ni sifa."

"Basi mbona hamtaunong'oneza?"

"Kwa sababu umri wake wa kunong'onezwa umekwisha."

"Nani kaupanga huo umri?"

"Jumba."

"Liliupanga lini?"

Bwana Sururu akafikiri kidogo, maana alikuwa mtu mkweli. "Ulipokwisha," akasema.

Watu wakaguna. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Kama pumzi zimewaishia semeni, tutawachangia!" Ua mzima ukacheka, na Bwana Sururu naye akacheka kidogo, kwa upole.

"Si pumzi," akasema. "Ni masikio. Masikio ya milango ya zamani ni membamba, na maneno ya siku hizi ni mapana. Hayapiti."

"Neno la mwezi huu lina upana gani?"

"Hiyo ni siri ya Jumba."

"Na mlango wa Jumba lenyewe?" Somoe akanyoosha kidole. Nyuma ya Bwana Sururu palikuwa na mlango mkubwa wa mvule, mkongwe kuliko yote niliyoiona mjini, na doa lake lilikuwa bado na unyevu. "Huo mbona umenong'onezwa leo asubuhi?"

"Mlango wa Jumba hauhesabiwi kwa miaka. Unahesabiwa kwa heshima."

Nilikuwa na swali langu, likawa linanikaba. Nikamnong'oneza Somoe sikioni. Akasimama tena. "Mgeni wangu anauliza. Hicho kitambaa cha manjano, wezi hawakioni?"

"Kitambaa ni kwa ajili ya wageni," akajibu Bwana Sururu. "Wezi hawaruhusiwi kukitazama."

Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, na nikaona watu kadhaa wakiitikia kwa vichwa kama walioridhika.

Mwisho akawashauri wote wachukue milango mipya. Ilikuwa mizuri, akasema, tena myepesi. Jambo moja tu: ilihitaji ukuta wa shubiri tatu, na nyumba za zamani zina kuta za shubiri mbili.

"Kwa hiyo nivunje na ukuta?"

"Ukuta si kazi yetu, mama. Sisi ni watu wa milango."

"Na sauti? Sauti ya mama yangu mtaihamishia kwenye huo mpya?"

Hapo kwa mara ya kwanza Bwana Sururu hakumtazama usoni. "Milango mipya inakuja na sauti yake," akasema. "Sauti nzuri. Moja kwa wote."

Tuliporudi, jirani alikuwa barazani kwake akitungoja. Huyu ni Bi Mashavu, shoga yake Somoe tangu wakiwa wasichana, na mwenye mlango mpya wa kwanza mtaani.

"Wamekuambia nini, shoga? Ng'oa gogo hilo tupumzike. Kila nikipita linaniuliza kama nimekula!"

"Linakuuliza kwa sababu linakujua," akasema Somoe. "Wako unamwita kila mtu kwa jina na hakuna unayemjua."

"Wivu huo."

"Ni wivu, ndiyo. Nimekataa?"

Wakacheka wote wawili, lakini Somoe alipogeuka nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kweli mlango wa Bi Mashavu uliita watu kwa majina. Jumba huunong'oneza majina ya wote walioingia mjini, hata wapita njia. Nilipokatiza mbele yake mara ya kwanza ukasema, "Karibu, Siwema." Nikasimama. Sikuwa nimebisha hodi, sikuwa nimepanga neno lolote, na nyumba nzuri ilikuwa imenitaja. Nilimwonea Bi Mashavu wivu kwa hilo mpaka nikashindwa kulala vizuri. Ni kweli kwamba milango yote mipya ina sauti ile ile, na mume wa Bi Mashavu alikuwa amewahi kuingia nyumba ya tatu kutoka kwake, akala chakula cha mchana, na akaanza kushangaa baada ya kuona watoto wamekuwa wengi. Lakini hilo lilichukuliwa kuwa kosa la mume.

Asubuhi moja Somoe alinituma kwa Bi Mashavu nikaazime kibao cha mbuzi, maana alikuwa na nazi za kukuna. Nilikwenda, na kama kawaida yangu nikasimama kando ya ukuta nikiyapanga maneno ya kuomba kibao. Nikiwa hapo akaja mnong'onezi. Mimi si mtu wa kuonekana. Alipita karibu yangu joho lake likanigusa mkono, na hakunitazama. Akaweka mdomo kwenye mwimo wa mlango mpya, akanong'ona:

"Mwizi wa mwezi huu atasema katumwa na mama mwenye nyumba."

Akaenda zake. Nikabaki na neno hilo. Neno jembamba, lingepita kwenye tundu la sindano.

Nilisahau kibao. Nilirudi mbio nikitaka kumwambia Somoe, au kuunong'oneza mlango mwenyewe nikiwa nje, sheria au pasipo sheria. Lakini nilipofika nilimkuta Somoe ameketi kizingitini, kichwa ameegemeza kwenye mbao, anauhadithia mlango habari za sokoni: nani kamkopa, nani kaongeza bei ya nazi, nani kaolewa. Na mlango unaitika, "Ehee. Halafu? Alisema hivyo kweli? Pole, mwanangu." Nikasimama mbele ya nyumba nikiwatazama.  Nikazunguka nyuma ya nyumba nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Neno sikulisema siku hiyo. Wala siku iliyofuata.

Mwizi alikuja mchana, Somoe akiwa sokoni na mimi chumbani nashona pindo. Alikuwa mwanamume nadhifu mwenye kofia, kikapu begani. Nilimwona kwa upenyo wa dirisha akikitazama kitambaa cha manjano, akakipapasa kama mtu anayekagua bei ya kitambaa dukani, kisha akakohoa.

"Hodi, hodi wenyewe! Nimetumwa na mama mwenye nyumba. Kanipa mzigo niuweke ndani."

 Nilijua mlango haujanong'onezwa. Nilijua nani angeweza kuunong'oneza.

 Mlango ukasema, "Mama mwenye nyumba ni mimi. Nimekutuma lini?"

Mwizi akarudi hatua nyuma.

"Nakuuliza wewe mwenye kikapu. Na kama ungekuwa wangu ningekufundisha kwanza kuvua kofia unapoongea na watu wazima. Mama yako anajua ulipo?"

"Hapana," akasema mwizi, na nadhani alisema kweli.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Umekula lakini?"

Aliondoka karibu anakimbia, kofia mkononi. Mtaa mzima ulimwona. Hilo ndilo lililoleta taabu, maana mwizi alikuwa amebisha hodi, na sheria ya nne inajulikana. Kabla jua halijageuka Bwana Sururu alifika na maseremala wawili wenye mitalimbo. Somoe alitoka sokoni akiwa bado na kapu la nazi, akajibandika mlangoni mikono imetandazwa.

"Haukufunguka!" alikuwa anapiga kelele. "Waulizeni watu, haukufunguka!"

"Sheria haiulizi hilo, mama," akasema Bwana Sururu. "Lakini mimi nauliza lingine. Mlango huu haukunong'onezwa. Umelijuaje neno la mwezi? Kuna mtu ameunong'oneza, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza."

"Aliyeufundisha ni mama yangu."

"Mama yako ni marehemu."

"Kwani hilo limemzuia?"

Watu walikuwa wamejaa mtaani. Bi Mashavu, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema kwa sauti, "Mgeni alikuwa kwenye ukuta wangu asubuhi ya mnong'ono. Mlango wangu ulimtaja jina, nikausikia. Lakini hakuingia." Kisha akajiziba mdomo.

Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Bwana Sururu alinisogelea, akainama kidogo ili sauti yake ifike chini, ambako macho yangu yalikuwa.

"Binti, ulilisikia neno?"

"Nililisikia."

"Ukaunong'oneza mlango wa mwenyeji wako?"

"Sikuunong'oneza."

"Ukamwambia yeye?"

"Sikumwambia."

Nikamsikia Somoe akivuta pumzi. Bwana Sururu akanitazama kwa muda. Nadhani aliniamini kwa sababu hakuna mtu anayejitetea kwa namna ya kujiaibisha vile.

"Unalala kwake," akasema, "unakula kwake. Kwa nini hukumwambia?"

 Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Mwacheni mtoto wa watu," akasema Somoe, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Ana haya. Hata chumvi haombi."

Ikakubaliwa kuwa ni haya. Sasa Jumba likawa na kazi ngumu, na nilimwonea Bwana Sururu huruma, maana alilazimika kuamua pale pale, mbele ya watu. Kama hakuna aliyeunong'oneza, basi mlango ule wa masikio membamba ulikuwa umemfukuza mwizi kwa akili yake. Na kama umeweza, kulikuwa na haja gani ya mlango mpya, na ukuta wa shubiri tatu? Yule mzee wa uani alikuwa ameanza kuliuliza swali hilo kwa nguvu, na wenye vitambaa vya manjano walikuwa wanasogea karibu, mmoja mmoja. Maseremala walikuwa wameishusha mitalimbo.

Bwana Sururu alichana ndevu kwa vidole. Kisha akatoa hukumu, ambayo bado inasomwa huko.

"Mlango," alisema, "ni kitu kinachonong'onezwa na Jumba. Kitu kisichonong'onezwa na Jumba, na bado kinawazuia wezi, hicho si mlango. Kuzuia wezi bila kunong'onezwa ni kazi ya ukuta. Kwa hiyo kitu hiki, tangu leo, ni ukuta unaofunguka. Na kuta, kama nilivyokwisha kusema, si kazi yetu."

Akakitoa kitambaa cha manjano kwa mkono wake mwenyewe, akakikunja vizuri, akaondoka na maseremala wake.  Kisha mzee yule akasema, "Na mimi nataka ukuta," na watu wakaanza kumkimbilia Bwana Sururu barabarani, kila mmoja akidai kuwa kwake pia hakuna mlango, hapajawahi kuwa na mlango. Bi Mashavu alibaki mbele ya nyumba yake akiutazama mlango wake mpya, nao ukamwambia, "Karibu, Mashavu." Akasema, "Hebu nyamaza kidogo." Nikaona yeye naye ana wivu sasa, na kwa desturi ya huko hakuuficha.

Somoe hakunilaumu. Alinipakulia wali, akakaa karibu yangu, akala. Siku ya kuondoka alinifungia mikate miwili kwenye kitambaa, akasema, "Mdogo wangu, haya itakumaliza." Nikasema ndiyo, dada. Nikatoka.

Haikuwa haya.

Nilikuwa darasa la tano wakati baba aliponiita akaniambia inatosha, kwamba naweza kusoma na kuandika, kwamba nafasi moja iliyopo sasa ni ya mdogo wangu wa kiume anayeanza. Hakunigombeza. Alinisifu. Alisema mwalimu naye amenisifu. Mama alikuwa pale pale anachambua mboga, akaendelea kuchambua mboga. Hakuna aliyesimama akatandaza mikono. Hakuna aliyeuliza nimekosa nini, na mimi mwenyewe sikuuliza, nikaenda kuikunja sare yangu nikaiweka juu ya kitanda cha mdogo wangu.

Kwa hiyo nilipomwona Somoe akiupigania mlango wake uani mwa Jumba, niliuonea wivu ule mlango. Nilitaka unyamazishwe kama nilivyonyamazishwa mimi. Ndiyo maana neno sikulisema.

Na lile ambalo sikulisema nyumbani kwetu, siku ile ya mboga, ni hili: Baba, bado nilikuwa naweza. Nilitaka kubaki.